Chaki Chini ya Macho

Kila anayeingia chumba changu cha kushonea huuliza ile picha ni ya nani. Nikisema ni mimi, hunitazama, huitazama, kisha husema yaleyale: "Mama, ulikuwa muzuri! Tena ulikuwa na uso wa kupumzika!" Nimechoka kuyasikia. Uzuri sikatai, kila mtu ana siku zake. Lakini uso wa kupumzika? Wapi! Miaka ile sikuwa nao hata wa kuazima. Uso ulioko kwenye karatasi ile si ule aliouchora Madamu, mke wa Mzungu mmoja, wala si ule niliokuwa nao mimi niliyechorwa. Ni kazi ya mume wangu, na yeye hakuwa mchoraji, alikuwa fundi wa nguo. Habari hii nimeieleza vipande vipande mara nyingi, leo naiandika yote, ili nikiulizwa tena nikae kimya.

Tulikaa mtaa wa Waswahili hapa Gisenyi, nyuma ya msikiti, enzi za Wabelgiji. Wazee wa mume wangu walifika zamani kutoka Ujiji na mizigo ya nguo na chumvi, wakaoa, wakabaki. Yeye alishonea kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja, barabara kubwa, kwa cherehani ya miguu, wapita njia wakimsalimu. Mimi nilikuwa na cherehani ya mkono nyumbani, juu ya sanduku. Kila alichokishona mchana kilirudi kwangu jioni nikimalizie: matundu ya vifungo, pindo, vifungo vyenyewe, halafu pasi ya makaa. Utasema kanzu haina matundu mengi. Sawa, lakini shati la kaki la karani lina matundu mpaka mifukoni. Na hayo yote ni baada ya maji ya ziwani, na moto, na watoto, na viazi vya Bugeshi ambavyo huja na udongo wake wote, na mama mkwe wangu, mwanamke mwema, lakini magoti yake yalikuwa yamekwisha kumkataa. Fundi alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mke wa fundi, na mke wa fundi hana siku ya kufunga duka.

Mume wangu alikuwa mpole, nisimsingizie. Hakuwahi kuniinulia mkono wala sauti. Kitu kimoja tu kilimtoa katika upole wake, nacho ni chaki. Fundi hukata nguo kwa kufuata mstari wa chaki, na nguo ikiisha ule mstari lazima upanguswe. Yeye alikuwa na brashi ndogo ya manyoya laini, ameifunga uzi, inaning'inia shingoni toka asubuhi mpaka anaposali isha. "Nguo ikitoka na chaki," alikuwa akisema, "mutu anajua haijaisha." Hakuna vazi lililovuka mlango wetu bila kupitiwa na brashi ile, hata nililokwisha kulipiga pasi mimi. Msikitini, watu wakijipanga safu, alikuwa anampangusa bega mtu aliye mbele yake, na watu wakimcheka, anacheka nao, lakini kesho yake anarudia.

Tulipooana nilikuwa msichana, sindano nimeijua juzijuzi. Nilikuwa najikuna shavu kwa mkono wenye chaki bila kujua. Basi yeye ananyoosha mkono, ananipangusa kwa kidole gumba, polepole, huku anacheka. "Mbona we haujaisha bado," ananiambia. Mambo ya bibi harusi hayo. Alipozaliwa mtoto wa pili, chaki ikawa inakaa shavuni mpaka niende kunawa mwenyewe.

Sasa niseme juu ya arobaini, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu mwanamke akijifungua ana arobaini yake. Siku hizo arobaini hagusi sufuria, hatoki nje. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kitambaa, ananyweshwa uji wa pilipili manga mpaka masikio yanawaka, na kazi yake ni kunyonyesha na kulala, basi. Hata mke wa maskini anaipata. Hata mwenye mama mkwe mkali anaipata. Kwa watoto wangu wanne wa kwanza niliipata, na kila mara nilisimama mtu mpya. Wa tano akachagua kuzaliwa mwezi wa Ramadhani umeandama, mji mzima unataka kanzu ya Idi. Nilikuwa sijakandwa hata mara nyingi mume wangu akaja akasimama mlangoni, hakuingia, kofia iko mkononi.

"Mama watoto," akasema, "mi nimezidiwa. Unisaidie matundu tu, ukiwa hapohapo kitandani. Tumalize hii ya Idi, halafu utalala arobaini yako yote, na ingine juu yake."

Nikasaidia matundu. Baada ya matundu yakaja mapindo. Na pasi ya makaa haipigiwi kitandani, mtu anaweza kuunguza nyumba, kwa hiyo nikashuka. Sikurudi tena.

Msidhani alikataa. Kila nilipomkumbusha alikubali, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa. "Ni kweli, iko arobaini yako. Tumalize hii ya harusi." Tukamaliza ya harusi, zikaja nguo za watoto wa shule, yakaja mashuka, ikaja tena harusi, maana watu wa hapa hawaishi kuoana. Tumalize hii, tumalize ile. Ningegombana naye ningepoa moyo, lakini utagombana vipi na mtu anayekwambia ni kweli? Nilikuwa nasinzia nikichochea maharagwe. Nilikuwa nasinzia nikiteka maji, ndoo inaelea. Wakati ule mtoto mwenyewe alikuwa amekwisha kujua kusimama kwa kushika mguu wa meza.

Sikutaka dhahabu, sikutaka kitenge kipya. Nilitaka arobaini yangu. Nilitaka kulala mchana, mlango umefungwa, na mtu mwingine aniletee uji. Na kuliko hata kulala nilitaka yeye aone. Mwanamume anayeona uzi mweupe kwenye bega la mtu ng'ambo ya barabara, anakula na mimi sahani moja, haoni uso wangu. Hilo liliniuma, na linaniuma hata leo nikiliandika.

Madamu alikuja kwa njia ya mapazia. Rido, kama tulivyoyaita. Alikuwa mke wa Mzungu mwenye shamba la kahawa, nyumba yao ilikuwa kule kwenye barabara ya ziwani, yenye maua mpaka nje ya ua. Mume wangu alimshonea rido za sebule, na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kuzipeleka, nani alizipeleka? Mimi. Nilifika jua kali, mzigo kichwani. Madamu akatoa rido moja moja kuikagua, nami nikaegemea nguzo ya baraza. Nadhani nilifumba macho kidogo. Nilishtuka nasikia mtu anapiga kelele:

"Usitikisike! Bakia vilevile!"

Nikajua ni nyoka. Nikasimama kama mti, namwomba Mungu wangu. Kumbe Madamu amekimbilia ndani kuchukua karatasi. Akarudi, akanizunguka, ananiangalia kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Uso yako, Mama," akasema. "Iko muzuri sana kwa kuchora. Imechoka muzuri."

Imechoka muzuri! Nilikuwa sijawahi kusikia maneno hayo mawili yakikaa pamoja. Nilitaka kumjibu vibaya, lakini haya ndiyo ninayoyakumbuka vizuri: nilitaka kulia. Tangu Idi ile hakuna mtu aliyeniambia kwamba nimechoka. Akaja kuniambia mtu asiyejua hata nina watoto wangapi.

Tukapatana kwamba nitakuja mchana baada ya adhuhuri, siku ambazo ana nafasi, na atachora mbili, moja yake, moja yangu. Mume wangu nilimwambia akiwa anatia uzi kwenye sindano. "Wazungu wanachora milima, wanachora hata punda," akasema bila kuinua kichwa. "Acha wachore mutu. Na Madamu yule bado iko anataka rido za vyumba." Mama mkwe yeye alisema picha ya uso haitatundikwa chumba tunachosalia, malaika wasije wakatukimbia. Nikamwambia itakaa chumba cha kushonea, kule hata malaika watapata sindano za miguuni. Alicheka mpaka akakohoa, akakubali kubaki na mtoto.

Lakini niseme kweli, nilikwenda kwa ajili ya kiti. Madamu alikuwa na kiti cha matete barazani, kina mto mgongoni, kinatazama ziwa. Aliniketisha pale, akaniambia nisifanye chochote. Mimi! Nisifanye chochote! Upepo wa ziwani unakuja, mashua za watu wa Nyamyumba ziko mbali, hakuna anayeniita. Akafungua sanduku lake nami nikataka kucheka, maana ndani yake mlikuwa na chaki. Chaki za kila rangi, laini kuliko zetu, zimelazwa kwenye pamba kama mayai. Akawa anapaka, anasugua kwa kidole, anapuliza, anapaka tena, vidole vyake vyote vimekuwa rangi ya udongo. Nikajiuliza moyoni, huyu naye atapangusa saa ngapi?

Jibu sikulipata, nilikuwa nimelala.

"Macho, Mama! Macho!" Ndivyo tulivyokwenda siku zote za mwanzo. Ananiamsha, nafungua, yanajifunga. Mwishoni alichoka kuniamsha, akawa anachora mdomo na kilemba huku mimi nakoroma. Nilikuwa narudi nyumbani nimepata usingizi ambao sikuupata miezi na miezi. Kisha siku moja nilikaa, akaniangalia, akaweka chaki chini.

"Mais non, hapana," akasema. "Leo uso yako si ile. We ulifanya nini?"

"Nililala, Madamu. Hapahapa, kwa kiti chako."

"Donc, basi, imekuwa mupya. Mi siitaki hii." Alikuwa amekasirika kabisa, kama mtu aliyepikiwa chakula kingine. "Kesho, mbele ya kuja, fanya kazi mingi. Mingi sana. Halafu kuja."

Nilicheka! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, Madamu akanitolea leso. Mungu wangu, dunia nzima inaniambia fanya kazi, na huyu naye, tena huyu anataka kwa sababu nikichoka ndiyo napendeza. Nilicheka, halafu nikakasirika. Kwani uchovu wangu ni ndizi, kwamba uachwe uive? Nilisimama kwenda zangu. Nikampita pale alipo, na kwa kupita nikaiona ile karatasi kwa mara ya kwanza, maana siku zote aliigeuzia kwake.

Nilisimama pale sijui muda gani. Alikuwa ni mimi, lakini mimi ambaye sikuwa namwona kwenye kioo chetu kidogo kilichopasuka. Chini ya macho kulikuwa na vivuli viwili, rangi ya kahawia imechanganyika na bluu, kama ngozi iliyopigwa ikaanza kupona. Pembe za mdomo zilikuwa zimeshuka. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mzee, hakuwa na huzuni hata. Alikuwa amechoka tu, amechoka kabisa, na mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo kabla hajaona kitu kingine. Nikasema moyoni: huyu hapa. Huyu ndiye ninayetaka mume wangu akutane naye. Mimi nikisema nimechoka anasikia maneno. Huyu hatasema neno, atamwangalia tu.

Basi nikarudi kesho yake, na keshokutwa, na nikaacha kulala kitini. Sijui kama mnanielewa niliacha nini. Kiti kile kile, upepo ule ule, mto mgongoni, nami najifinya kiganja kwa kucha ili macho yakae wazi na vivuli virudi. Usingizi wangu wote niliopata pale niliutoa kwa ajili ya picha. Madamu alifurahi. "Voilà," akawa anasema, "sasa iko yenyewe." Hakujua nilikuwa nachorwa kwa ajili ya nani.

Siku ya kumaliza aliniwekea yangu juu ya kibao, akaibana kwa pini, akaifunika kwa karatasi nyembamba. Ile yake ilikuwa kwenye meza, dada yake kabisa. "Usiguse," akaniambia. "Hata kupuliza, usipulize. Iko vumbi tu. Dawa ya kukamatisha vumbi kwa karatasi imekwisha, nangoja ingine ya Bukavu. Ikifika, kuja na picha tena." Nikaitembeza kutoka ziwani mpaka mtaani kwetu kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa, upepo ukija naupa mgongo. Wanawake waliokuwa wanarudi sokoni waliniuliza nimebeba nini. Nikawapita.

Ilikuwa Ijumaa. Siku za Ijumaa, wakitoka msikitini, mume wangu hakurudi barazani kwa Mwarabu, alikata nguo nyumbani kwenye meza kubwa karibu na dirisha. Hakuwa amefika, alikuwa amebaki msikitini mpaka alasiri. Nikafukuza watoto, nikaweka kibao katikati ya meza, mahali pale pale anapotandaza kitambaa, nikatoa ile karatasi nyembamba. Mwanga wa dirisha ukaiangukia. Nikasema, bwana, leo utainua kichwa au utainamisha, lakini utaona.

Kisha nikaenda kutawadha, nikaingia chumba cha pili kusali alasiri. Mungu anisamehe kwa sala ile. Nilimsikia anaingia, nasikia anavua viatu, anaweka kofia msumarini. Halafu kimya. Nikasema ameiona. Nilirefusha sijda ili nisikie atasema nini. Kimya kikaendelea, kirefu, na moyo wangu ukaanza kufurahi, maana mtu haangalii kitu muda wote huo bila kukiona.

Ndipo nikasikia brashi.

Sauti ile niliijua kuliko sauti za watoto wangu, shwa, shwa, shwa, kisha anapuliza, kisha shwa. Sijui nilimalizaje sala. Nadhani sikuimaliza.

Alikuwa ameinama juu ya meza, ncha ya ulimi iko nje, kama anavyofanya kwenye kola ya kanzu ya harusi. Chini ya macho ya picha palikuwa peupe, yaani safi, laini, hakuna kivuli. Rangi ya shavu ilikuwa imepanda ikajaza pale pote. Pembe za mdomo nazo alikuwa amezipangusa, zikainuka. Aliponiona alinyooka, akapuliza brashi yake, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu sijui lini.

"Karibu, mama watoto! Wallahi umechorwa muzuri. Lakini Madamu yako hajui kumaliza kazi. Aliacha chaki chini ya macho, na hapa kwa mudomo. Mi nimepangusa." Akakiinua kibao kwa mikono miwili, akakiegemeza ukutani, akarudi nyuma kukitazama. "Angalia. Sasa ni we kabisa."

Watoto wangu wakihadithia husema nilipiga mayowe mpaka majirani wakaja. Si kweli. Mayowe nayo yana nguvu zake, na mimi sikuwa nazo. Niliketi chini, palepale, kwenye vipande vya kaki vilivyoanguka kutoka mezani. Angefanya kwa ubaya ningejua pa kuanzia. Lakini alisimama pale anatabasamu, na nikamwangalia yule mwanamke kwenye kibao, nikamtambua: ni yule msichana mwenye chaki shavuni. Kumbe yeye miaka yote hiyo, akiniangalia, alikuwa anamwona huyo. Sijui kama niliwahi kupendwa zaidi ya pale, wala sijui kama niliwahi kukasirika zaidi.

"Ile haikuwa chaki," nikamwambia.

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa mimi." Nikakionyesha kibao kwa kidole. "Ni mimi nilikuwa pale chini ya macho. We umenipangusa. Madamu amekaa siku hizi zote anachora kitu we hukukiona hata siku moja, na sasa umekitoa kwa brashi. Nimechoka, bwana. Nimechoka toka kanzu za Idi. Nilikupa arobaini yangu, ukasema utanirudishia, na kila siku unasema ni kweli, ni kweli, na hunirudishii. Nimechoka na hiyo kweli yako."

Aliiangalia picha, kisha akaniangalia mimi, kisha picha tena, kama anavyofanya mtu anapolinganisha mikono miwili ya shati. Akapiga magoti mbele yangu kwenye vile vipande. Akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba chini ya jicho langu, akapangusa polepole kutoka puani kwenda nje. Akakitazama kidole. Akapangusa tena, kwa nguvu kidogo. Akaenda jicho la pili. Akakitazama tena kidole chake, kikavu, safi.

"Haitoki," akasema.

Niseme kwanza yaliyokuja baadaye, ili nimalizie na hapo ninapopapenda. Dawa ya Bukavu ilifika, nikapeleka picha. Madamu alipoiona alishika kichwa, akataka anikalishe upya arudishe vivuli. Nikamwambia hapana, akamatishe hivyohivyo ilivyo, maana siku hiyo hata uso wenyewe haukuwa na vivuli vya kuchora. Ile picha yake, yule aliyechoka, alikwenda naye Ulaya walipoondoka. Kwa hiyo mimi wa kweli niko ukutani kwa watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, na wao ndio wanaojua nilivyokuwa. Na arobaini, nisiwaongopee, sikuimaliza yote. Wanawake wa mtaa walinicheka, ati nani amewahi kuona mzazi amefungwa tumbo huku mtoto anakuja kwa miguu yake kumvuta vidole. Shule zilipokaribia kufunguliwa nilishuka mwenyewe, hakuna aliyeniita, na nilichoka tena, kwani nilifikiri nini? Lakini hakusema tena "tumalize hii". Neno hilo lilikwisha nyumbani kwetu.

Sasa turudi sakafuni. Mume wangu alikuwa bado amepiga magoti, kidole kiko juu kama mtu aliyejichoma sindano. Akavua brashi shingoni, akaiweka mezani. Mtoto wa tano alikuwa ametambaa akarudi ndani, ameachia mguu wa meza, amesimama peke yake, anatafuna ncha ya utepe wa kupimia.

"Mama!" mume wangu akaita kuelekea uani. "Uji wa pilipili manga unapikwa vipi?"

"Yewe!" mama mkwe akajibu kutoka mkekani kwake. "Nani amejifungua?"

"Ni muke wangu, Mama."

Kisha nikasikia fimbo yake, na magoti yake yakilalamika, anajiinua.

"Eeh," akasema. "Mwambie alale. Nakuja."

Sikungoja kuambiwa. Nililala palepale, juu ya vipande vya kaki.